Kinga ya gido la kupinda: namna nilivyochagua ya kwangu hapa Uvira

Tangu nianze kupita barabarani na kinga yenye gido la kupinda, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, swali ninaloulizwa ni moja: «Mwandishi, hiyo kinga inabeba nini?» Ni swali la haki. Hapa kwetu kinga ni kazi. Inatelemsha makala, inapeleka mihogo soko, inachota maji kwa bidoni, na siku za kukimbia vita imebeba mama mzee pamoja na godoro lake. Kinga isiyobeba kitu, watu wanaiona kama mbuzi asiyezaa.

Yangu inanibeba mimi. Mwaka jana muuguzi alinipima tansio mara tatu kwa juma mbili, na mara zote tatu ikapita 14 kwa 9. Baba yangu aliondoka na ugonjwa huo, akiwa amelala upande mmoja wa mwili kwa miezi. Kazi yetu ya redio ni ya kukaa: unakaa studio, unakaa juu ya moto kwenda ripotaji, jioni unakaa mbele ya fufu. Muuguzi akaniandikia dawa, akanikataza chumvi nyingi, halafu akasema nitembeze mwili. Shirika la afya duniani, OMS, linaomba mtu mzima afanye dakika 150 kwa juma, hata kidogo kidogo. Kukimbia kwa miguu nilijaribu, goti la kushoto likakataa. Ndipo nikafikiri kinga.

Lakini nyumbani kwangu tuko watu kumi na mmoja. Sita kati yao ni familia ya mama mdogo, waliokimbia na nguo za mwilini tu. Nilikuwa na dola 130 pembeni. Wale walioshapokea wakimbizi nyumbani wanajua: makuta ya namna hiyo hayakosi wenyewe. Kuna unga, kuna minervali, kuna mtoto anayekohoa usiku. Sikutaka kuleta kinga kwa ghafula mlangoni, basi siku ya Mungu, baada ya kula, nikaweka neno mbele ya wote. Mama mdogo akanyamaza. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyejibu: «Yaya, wewe ukianguka na tansio, sisi wote tutalala njaa. Nunua. Ila ununue ile inayoweza kupokea portibagaji.» Masharti hayo yalinisaidia kuchagua kuliko shauri lolote la fundi.

Kinga nyingi za namna hii zinazofika kwetu ni okazioni kutoka Ulaya. Niliangalia tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya mashindano kabisa, ya aluminiamu, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Bei dola 120. Vijana waliokuwa pale walinisukuma niichukue. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde hatua 3 za Tour de France ya 2024 na kurudi na jezi ya kijani, kila kijana mwenye simu anataka gido la namna ile. Mimi niliinama kusoma maandishi ya pembeni ya mpira: 700 x 23. Hiyo 23 ni upana kwa milimita, ni kama kidole gumba. Mpira mwembamba hivyo unataka upepo mwingi sana na lami safi. Barabara yetu ina mashimo, na kila mvua kubwa mito inatelemsha mchanga na mawe kutoka milimani. Aliyeona Mulongwe mwezi wa nne 2020 hahitaji maelezo. Tena kadri ya aluminiamu ikipasuka, fundi wetu wa kuunga vyuma hawezi kitu. Ya chuma anaiunga, unarudi barabarani siku ileile.

Ya pili ilikuwa ya mipira minene na springi mbele. Inaonekana yenye nguvu. Ukiikalia, kila ukikanyaga, springi inameza sehemu ya nguvu yako. Uzito bure. Nikaacha.

Ya tatu haikuwa na uzuri. Rangi imetoka, kadri ya chuma, vitesi kumi na mbili, mpira 700 x 32. Nikaigeuza miguu juu, nikazungusha magurudumu nikiangalia kama janti inayumba kati ya freni. Nikapitisha kidole mahali vyuma vinapoungana, kutafuta ufa. Nikavuta cheni pale mbele kwenye meno makubwa: ikiachana na meno na kuonyesha mwanga mwingi, imechoka. Hii ilisogea kidogo tu. Karibu na ekseli ya nyuma kulikuwa na vitundu viwili vya skrubu, mahali pa portibagaji. Nikacheka peke yangu.

Kimo nacho msikipuuze, maana muuzaji atakuambia kila kinga inakufaa. Pima mguu kwa ndani, kutoka chini mpaka kwenye mapaja, zidisha kwa 0,65. Wangu ni sentimita 82, inatoa kama 53, na hicho ndicho kimo cha kadri cha kutafuta. Halafu kiti: weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikaa chini zaidi ya hapo, magoti ndiyo yatakayolipa.

Aliomba 110, tukamaliza kwa 95. Pompe, mipira miwili ya ndani na nyaya mpya za freni vilichukua 14. Pompe niliijaribu palepale, kwa sababu kinga nyingi za Ulaya zina valvu nyembamba isiyoingia kwenye pompe zetu za kawaida. Dola 21 zilizobaki ziliingia kwenye minervali.

Natoka mara nne kwa juma, dakika arobaini. Sitoki kabla jua halijaonekana, na karti ya uchaguzi iko mfukoni, kwa sababu kwenye barieri mtu anayekwenda mbio bila mzigo anaulizwa maswali kuliko mwenye makala. Upande wa Kiliba ninaenda siku zenye utulivu tu. Siku nyingine naishia Kavimvira, nageuka, upepo wa ziwa unanipiga kifuani mpaka nyumbani. Miezi mitatu baadaye muuguzi alisoma 13 kwa 8. Dawa ninaendelea kumeza. Alinikataza kabisa kuziacha kwa sababu ya kinga.

Portibagaji ilifungwa mwezi uliopita. Siku nisizotoka, mtoto wa mama mdogo anaamka mbele yangu, anakwenda nayo kuchukua ndagala na kuziuza mitaani. Alipakia kilo 30 siku ya kwanza, rayoni mbili za nyuma zikakatika. Sasa tumekubaliana kilo 20, na rayoni alilipa yeye, kwa faida yake mwenyewe, bila mtu kumwomba.

Pompe yetu ya valvu nyembamba ninaiacha redioni, kwa mlinzi. Mwenye kinga ya namna hii apite asubuhi, ila rustini na gundi aje na vyake.