Maua ya Ukingoni Pugu

Utotoni mwetu Kisarawe hakuna aliyekwenda kulitafuta ua la glorioza. Masika yakishakolea, mwezi wa nne hivi, lilikuwa kila mahali msitu wa Pugu ulipokutana na mashamba: juu ya vichaka vya njiani, kwenye miti iliyoanguka, kando ya reli, nyuma ya madarasa. Jekundu na manjano, petali sita zimepinduka kwenda juu, kingo zimejikunjakunja kama ndimi za moto wa kuni kavu. Wataalamu wanaliita Gloriosa superba, jina alilolipa Linnaeus mwaka 1753. Kule Zimbabwe ndilo ua la taifa, na mwaka 1947, nchi hiyo ikiwa bado Rhodesia ya Kusini, Binti Mfalme Elizabeth alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo lake. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba likichanua, mahindi mabichi hayako mbali.

Ukilisogelea ndipo unapoliona lilivyo. Mmea wake hauna shina la kuusimamisha. Jani ni refu na jembamba, na pale ambapo majani mengine huishia, lenyewe huendelea, ncha ikawa uzi unaopapasa hewani mpaka ugusane na kijiti, kisha hujizungusha na kushika. Jani hadi jani, mmea hupanda kichaka kwa namna hiyo, na hauuumizi mti unaoubeba. Tumba hutazama chini likiwa na rangi ya kijani. Likifunguka, petali hugeuka zikaelekea juu, manjano chini na nyekundu nchani, na kadiri siku zinavyopita wekundu hushuka hadi ua zima likakolea. Stameni sita hutanuka pande zote. Kile kijiti cha kike hakisimami katikati kama ungetarajia. Hupinda tangu kwenye shina lake, karibu pembe mraba, kikaelekea pembeni, mbali na chavua ya ua lile lile. Kipepeo anayelizunguka akitafuta asali, au ndege chozi mwenye haraka zake, hugusa huku na huku, akabeba chavua ya ua moja hadi jingine. Nilikaa mbele ya maua hayo muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya vitabu vingi, na sioni kwamba nilipoteza wakati.

Bibi alitufundisha jambo moja tu kuhusu mmea huo, na alilirudia kila tulipopita naye njia ya kisimani. "Tazameni mpendavyo, wajukuu zangu. Kiazi chake msikiguse. Hicho kinaua." Alikuwa anasema kweli tupu. Kiazi hicho, chenye umbo la panda, kina kolchisini, na mbegu zake nyekundu nazo zinayo. Mtu akikila kwa kukidhania kiazi kikuu, saa chache baadaye huanza kutapika na kuharisha, kisha viungo vya ndani hushindwa kimoja baada ya kingine. Wanaonusurika huweza kunyonyoka nywele. Na sumu hiyo hiyo, ikipimwa kwa kiasi kidogo sana, ni dawa ya jongo inayotumika hospitalini dunia nzima. Huzuia seli zisigawanyike, ndiyo maana wataalamu wa mbegu huitumia kuzidisha kromosomu za mimea. Tikiti lisilo na mbegu lilipatikana kwa njia hiyo. Huko Tamil Nadu, India, wakulima hulipanda glorioza mashambani, wakaliegemeza kwenye nguzo na nyaya, ili wauze mbegu kwa viwanda vya dawa. Kwetu halikupandwa na mtu. Lilijiotea, likapewa onyo lake, likaachwa.

Kuachwa ndiko kulikolitunza. Sikulitambua hilo mpaka nilipoanza kuona linavyopungua. Glorioza si mmea wa katikati ya msitu mnene, ambako mwanga haufiki chini. Wala haliwezi uwanja mtupu. Kwao ni pale katikati: miti inapokuwa mifupi, jua linapopenya, na kuna matawi membamba ya kushika. Kiangazi kikija, sehemu yote ya juu hunyauka ikapotea kabisa, kikabaki kiazi ardhini kikisubiri mvua. Mtu asiyepajua mahali hapo angeapa hakuna kitu.

Pugu ya wakati ule ilikuwa na ukingo mpana wa namna hiyo. Msitu haukuwa na mstari wa kuishia. Ulipungua polepole, miti mirefu ikawa vichaka, vichaka vikawa mikorosho na mihogo, na kati yake njia za miguu. Ndani zaidi kulikuwa na miti ambayo huipati ila katika misitu hii ya pwani, ukiwemo ule uliopewa jina la Pugu yenyewe, Baphia puguensis. Kulikuwa na mapango ya mgodi wa kaolini, na popo waliomiminika nje magharibi.

Kisha jiji likaja. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiozidi laki tatu; ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya milioni tano. Watu hao walipaswa kupika, na wengi walipikia mkaa, na Pugu ilikuwa msitu wa karibu kuliko yote. Ilianza miti mikubwa, mbao na magogo. Ilipokwisha, wachoma mkaa wakashuka kwenye miti ya kimo cha kati, halafu kwenye vichaka vilivyokuwa vinabeba glorioza. Palipojengwa tanuri udongo uliungua, na viazi vilivyokuwemo viliungua nao. Nimewaona vijana wakisukuma baiskeli zenye magunia matatu kuelekea Gongo la Mboto, jasho likiwatiririka, na sikuwahi kuwachukia. Walikuwa wanalisha familia, na mnunuzi alikuwa anawasubiri mjini.

Msitu wenyewe haukufa. Pugu na msitu jirani wa Kazimzumbwi sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, kuna walinzi, kuna vigingi, na mahali pengine miti inarudi vizuri. Nafurahi kwa moyo wote. Lakini ulinzi unaishia kwenye kigingi. Upande mmoja kuna msitu, upande wa pili kuna ukuta wa tofali, na kati yao barabara ya vumbi iliyosafishwa na greda. Ule ukingo mpana, ambao haukuwa msitu wala shamba, umepimwa viwanja na kuuzwa. Wanaosema glorioza haliko hatarini kutoweka hawadanganyi. Linaota Afrika ya tropiki na kuvuka hadi Asia. Mimi nalilia mahali pake. Mmea unaopanda kwa ncha ya jani, ukikosa kijiti cha kushika, hutambaa chini, hukanyagwa, hupigwa jembe kabla ya kuchanua.

Masika yaliyopita nilisikia kuna moja lililochanua kwenye kipande cha kichaka kilichobaki kati ya viwanja viwili, nikaenda. Nilikuta shimo. Mama mwenye kiwanja alinikaribisha kwa heshima, akanieleza bila kuficha. "Shikamoo baba. Lile nimeling'oa. Nimesikia lina sumu, na hapa watoto wanacheza." Ana watoto wadogo watatu. Hawana njia ya kisimani ya kupita na bibi yao kila siku, kwa kuwa maji yako bombani na bibi yuko mkoa mwingine. Nani angewaonyesha ua na kiazi chake kwa pamoja, mara kwa mara, mpaka wazoee kutazama bila kugusa? Sikuwa na neno la kumlaumu. Nilichungulia shimoni, nikaona ncha moja ya panda imekatika na kubaki udongoni, na nikamwambia ukweli, kwamba ncha hiyo ina jicho na itachipua tena mvua zikirudi. Alinishukuru, akaingia ndani kuchukua jembe.