Nimerudi Graben na mdogo wangu

Wiki iliyopita niliacha kazi ya habari siku mbili, nikamsindikiza mdogo wangu Butembo kuanza chuo kikuu. Toka hapa Mavivi tulipanda pikipiki mpaka Beni, halafu gari, kilomita 54 za barabara ya taifa nambari 2. Huku tunatoka na jasho, kule ni baridi ya milima. Kabla ya yote nilimpeleka sokoni kununua triko, kama nilivyofanyiwa na yaya yangu.

Chuo ni kilekile nilichosoma mimi, Université Catholique du Graben, kilichoanzishwa na Askofu Emmanuel Kataliko mwaka 1989. Mwezi wa kumi pale ni mvua, misa ya kufungua mwaka, matope kwenye viatu, na wageni wanaozunguka wakitafuta darasa. Na mifuko! Kila mwanafunzi anatoka kwao na mfuko: unga wa muhogo, ndizi, maharagi. Sisi watu wa Beni tulijulikana kwa mawese. Tulikuwa wanne chumbani, na mfuko ulifunguliwa mbele ya wote. Mwenye hakuwa na kitu, alipika.

Mwaka 2014 mfuko wangu haukufika. Usiku wa tarehe 15 mwezi wa kumi watu waliuawa Ngadi, kwenye barabara yetu hii. Baba akanipigia simu: "Bakia huko. Usijaribu kuja." Wenzangu hawakuuliza kitu. Tulikula vya kwao mpaka Noeli, na mimi ndiye niliyepika.

Masomo yangu yalilipwa na kakao ya baba. Mwaka 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, lakini shamba letu liko porini na hatuthubutu kwenda kuvuna. Bei nzuri ya kitu usichoweza kukigusa! Kwa huyu mdogo tumelipa sehemu ya kwanza tu, na nusu yake ni deni.

"Yaya, na sehemu ya pili?" aliniuliza ndani ya gari. Nikamwambia asome kwanza.

Pale homu nilibaki mlangoni. Wasichana watatu walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa juu ya vitanda.

"Unatoka Beni?" mmoja akauliza. "Umeleta mawese?"

Akafungua mfuko, akatoa bidoni ya lita tano. Nikaenda kutafuta gari la kurudi kabla ya giza.