Maji ya Chumvi

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika hati ya podikasti ya afya. Dakika kumi na mbili, Kiswahili cha mtu wa kawaida, malipo baada ya kurekodi. Mteja alinitumia mada kwa WhatsApp saa nne usiku: dawa ya kusaidia watu wenye kiharusi cha kuvuja damu, siyo upasuaji, tafuta utafiti mmoja mkubwa uueleze. Nikajibu sawa. Sikumwambia kwamba Baba alikufa kwa kiharusi hichohicho. Ukianza kumwambia mteja mambo kama hayo atakupa pole badala ya pesa, na mimi pole nilishapata za kutosha.

Utafiti niliouchagua unaitwa TICH-2. Uliongozwa kutoka Nottingham, Uingereza, ukachukua wagonjwa 2,325 katika hospitali 124 za nchi 12, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Dawa yenyewe ni asidi ya traneksamiki. Kama umewahi kung'olewa jino likakataa kuacha damu, au una dada anayesumbuliwa na hedhi nzito, huenda umeiona. Si dawa ya ajabu wala si ya matajiri.

Namna inavyofanya kazi nilielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Mshipa ukipasuka, damu huganda ili kuziba tundu. Lakini mwili una kemikali zake za kuyeyusha lile bonge, maana mabonge yakiachwa tu mishipa yote itaziba. Asidi ya traneksamiki inazizuia zile kemikali. Bonge linashikilia. Sasa kwenye ubongo, mshipa ukishapasuka, damu inajikusanya kama dimbwi, na kwa wagonjwa wengi dimbwi hilo huendelea kupanuka katika saa za kwanza. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Kwa hiyo wazo ni rahisi kabisa: zuia dimbwi lisikue, uokoe mtu.

Hapo ndipo niliweka simu chini nikaenda kuchemsha chai.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries. Mageti, madirisha, mabodi ya matatu. Presha alijua anayo. Vidonge alipewa, na alikuwa anavimeza vile wanaume wengi wa rika lake wanavimeza, yaani akisikia kichwa kinauma. Siku moja ya 2021, saa kumi na mbili na nusu jioni, alikuwa anafungia vifaa. Akamwambia kijana wake wa kazi kwamba mkono wa kushoto umekufa ganzi, akacheka, kisha akaketi chini kwenye vumbi la chuma na hakuinuka. Saa naijua kwa sababu yule kijana alinipigia papo hapo na simu yangu ya zamani bado ninayo.

Tulimpakia kwenye Probox ya jirani. Zahanati ya kwanza walimpima presha: 214 kwa 118. Nesi aliirudia kupima, nadhani hakuamini mashine. Wakatuandikia barua ya kutupeleka mbele. Hospitali ya pili ilitaka amana kabla ya kumwingiza, tukaanza kupiga simu kwa shangazi, kwa wajomba, kwa watu wa chama cha Mama. Pesa ilipofika, tukaambiwa mashine ya skani imeharibika. Hospitali ya tatu mashine ilikuwa nzima lakini kulikuwa na foleni, na kulikuwa na keshia, na yule keshia alikuwa ameenda kula. Picha ilisomwa saa tisa kasoro robo usiku. Daktari, kijana mpole ambaye macho yake yalionyesha hajalala siku mbili, alituonyesha doa jeupe ndani ya kichwa cha Baba. Damu imevuja ndani kabisa, akasema. Nikamuuliza upasuaji je. Akasema wameongea na mkubwa wao, upasuaji hautamsaidia. Nikamuuliza dawa je. Akanyamaza kidogo, kisha akasema watamfanya atulie.

Miaka yote hii hasira yangu ilikaa hapo, kwenye ule ukimya. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu walikuwa nacho wakatunyima kwa sababu tulikuwa na nguo za jua kali.

Basi nimeketi na chai, nasoma kwamba kitu hicho kilikuwepo. Kilikuwa kimeshajaribiwa, matokeo yake yana miaka mitatu kabla ya usiku ule. Mikono ilinitetemeka, sisemi uongo.

Halafu nikaendelea kusoma.

Kwenye TICH-2 nusu ya wagonjwa, watu 1,161, walipewa dawa: gramu moja kwa haraka, kisha gramu nyingine taratibu kwa muda wa saa nane. Nusu nyingine, 1,164, walipewa maji ya chumvi yaliyofungwa vilevile na kupitishwa kwenye mshipa vilevile. Nani apate kipi iliamuliwa na kompyuta kwa kubahatisha. Mgonjwa hakujua, na daktari aliyempa hakujua pia. Na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kuongea, ndugu aliyekaa kwenye benchi ndiye aliombwa akubali, kwa mdomo kwanza, maelezo mafupi, karatasi ndefu baadaye.

Nilijaribu kuandika kipande hicho kwa Kiswahili cha podikasti nikashindwa siku mbili. Kila nilichoandika kilisikika kama kamari. "Mzazi wako anakufa. Je, unakubali turushe shilingi?" Nikafuta. "Utafiti hugawanya wagonjwa katika makundi mawili yenye usawa." Huo ni uongo wa adabu. Mtu aliye kwenye benchi haoni makundi, anaona baba yake. Niliwaza kama yule daktari angenijia na swali hilo ningemfanya nini. Nadhani ningemshika kola.

Lakini wanabahatisha kwa sababu hawajui, na hawajui kwa sababu wazo zuri si dawa. Nilikuta mfano mwingine wa dawa ya kugandisha damu iliyojaribiwa kwa watu 399, matokeo yaliyochapishwa 2005 yakawa mazuri ajabu, watu wakashangilia. Wakarudia kwa watu 841, wakachapisha 2008. Dimbwi la damu kweli lilikua kidogo zaidi kwa waliopewa dawa, ila hawakupona zaidi na hawakufa kidogo zaidi. Picha ya skani ilipendeza, mgonjwa alibaki vilevile. Hata upasuaji, ambao sisi tulioko nje ya mlango tunaamini ndio tiba yenyewe, ulipimwa kwa watu 1,033 na majibu yakatoka 2005: kwa jumla, kumkimbiza mtu chumba cha upasuaji mapema hakukuwa bora kuliko kuanza kwa kumtunza bila kisu. Kwa hiyo yule daktari mwenye macho mekundu hakunidanganya.

Sasa matokeo ya TICH-2. Ndani ya siku saba, waliokufa kati ya waliopewa dawa walikuwa 101. Kati ya waliopewa maji ya chumvi, 123. Nilipoiona tofauti hiyo nilisimama. Nikahesabu mara mbili, ishirini na wawili, hao ni watu wa kujaza matatu nzima na wengine kusimama. Kisha jicho likashuka mstari mwingine. Siku ya tisini: 250 kwa dawa, 249 kwa maji.

Matatu ile yote ilikuwa imeshuka njiani. Na swali kuu la utafiti, yaani mtu ana hali gani baada ya siku tisini, tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuitenga na bahati tu. Dimbwi lilipungua kukua kidogo. Madhara makubwa hayakuongezeka, yalipungua hata. Lakini nafuu yenyewe, ile ya mtu kurudi nyumbani akajifungia vifungo vya shati, haikuthibitika.

Hali hiyo wanaipima kwa mizani ya namba. Sifuri huna dalili yoyote. Tano uko kitandani, unahudumiwa kila kitu. Sita umekufa. Ni mizani isiyo na aibu. Baba alikuwa tano kwa siku kumi na tisa, kisha akawa sita.

Siku kumi na tisa. Yaani kwenye hesabu ya siku ya saba angeandikwa miongoni mwa walio hai, bila dawa yoyote. Kwenye hesabu ya siku tisini angekuwa miongoni mwa wafu. Yeye mwenyewe ndiye ile pengo kati ya mistari miwili ya jedwali. Na mimi ndiye mtu ninayeweza kukuambia kilichokuwemo humo: siku ya tisa alimshika Mama kidole gumba akakataa kukiachilia mpaka nesi akacheka. Siku ya kumi na moja alifungua macho nilipomwambia kijana wake amemalizia lile geti la Umoja na mwenyewe amelipa. Siku ya kumi na nne homa ilianza. Mtu akiniuliza kama siku hizo zilikuwa na thamani nitasema ndiyo, na mtu akiniuliza bili yake ilikuwa ngapi nitamwambia ndiyo iliyonitoa chuoni, na majibu hayo mawili hayagombani.

Kitu kingine nilikikuta nikiwa karibu kumaliza. Ili kuingizwa TICH-2, mgonjwa alipaswa kuwa ndani ya saa nane tangu kiharusi kianze, na skani iwe imethibitisha kwamba ni damu. Nikachukua simu ya zamani. Saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa tisa kasoro robo usiku. Saa nane na dakika kumi na tano.

Nilikuwa nimetumia wiki nzima nikigombana kichwani na daktari wa kufikirika kuhusu swali ambalo asingeniuliza kamwe. Mlango ulifungwa robo saa kabla hatujafika. Robo saa, buda. Keshia alikula kwa muda mrefu kuliko huo.

Baada ya hapo hati iliandikika. Niliwaeleza kwamba dawa hiyohiyo imeshawaokoa watu wengine: majeruhi wa ajali, katika utafiti wa watu zaidi ya 20,000 uliochapishwa 2010, na wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua, katika utafiti wa 2017 ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilishiriki. Na kote, ukichelewa haina maana. Niliingiza pia habari ya Utako Okamoto, daktari wa Japani aliyeigundua pamoja na mumewe Shosuke baada ya vita, akienda maabara na mtoto mgongoni. Tangu mwanzo alikuwa akiwafikiria kina mama wanaojifungua. Alifariki 2016 akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla jibu lake halijatoka. Mteja alisema hicho kipande kinagusa. Akataka nikate zile namba za siku saba na siku tisini. Nilikataa, tukaelewana nikate majina ya nchi.

Nikamalizia na INTERACT3, kwa sababu bila huo mtu angezima redio akiwa na huzuni tu. Ulichapishwa 2023, wagonjwa 7,036 katika nchi kumi, nyingi zikiwa za kipato kama chetu, Nigeria ikiwemo. Hakuna dawa mpya ndani yake. Walifanya mambo manne, mapema na kwa pamoja: shusha presha ya juu iwe chini ya 140 ndani ya saa moja, dhibiti sukari, dhibiti homa, na kama mgonjwa anatumia dawa za kulainisha damu, ziondolee nguvu. Basi. Na watu wengi zaidi walipona vizuri, wachache zaidi wakafa. Presha ya Baba ilijulikana ni 214 kabla ya saa moja na nusu usiku, imeandikwa kwa kalamu kwenye ile barua. Tuliibeba barua hiyo mfukoni hospitali mbili. Sikumbuki mtu akiishusha mpaka alipolazwa. Hilo sikuliweka kwenye podikasti, ilikuwa ya dakika kumi na mbili.

Watafiti wa Nottingham nao hawakukata tamaa. Wameanzisha TICH-3, wanalenga watu 5,500, na safari hii muda wa kuingia ni saa nne na nusu. Wanashuku kwamba nafuu ipo ila ni ndogo, na kitu kidogo huonekani mpaka uhesabu watu wengi. Nawatakia heri kwa roho safi, jambo ambalo wiki mbili kabla nisingeliweza.

Jumapili nilienda kwa Mama. Nilimpima presha, 148, akasema ni kwa sababu nimempandisha ngazi za maswali. Nikamuuliza: usiku ule, kama daktari angekuja kukuambia tunajaribu dawa, labda Baba atapata dawa, labda atapata maji ya chumvi, hakuna anayejua, ungekubali?

"Ningekubali."

"Hata kama ni maji tu?"

Alinitazama kama mtu mjinga kidogo. "Kwani usiku ule alikuwa amening'iniziwa nini?"

Nilikuwa nimesahau. Ile dripu. Chupa ya plastiki iliyoandikwa 0.9%, tone baada ya tone, kuanzia hospitali ya pili hadi asubuhi. Mimi ndiye niliishika juu kwa mkono ndani ya Probox.

Akamimina chai. Akauliza kama wale watu wa redio wameshanilipa.

"Si redio, Mama. Podikasti."

"Wamelipa?"

"Bado."