Mama mkwe alipozificha kamba zangu

Msomaji, usicheke. Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Geita, kamba ndiyo inayonishusha shimoni asubuhi na kunipandisha jioni. Sasa mke wangu, mimba ya miezi minane, akarudi kliniki na picha ya utrasaundi, uso umemshuka. "Wanasema kitovu kimemzunguka mtoto shingoni."

Kijasho chembamba kikanitoka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hana pumzi, na siku ya maziko kuna shangazi alitamka wazi kwamba mama yake aliruka kamba ya mbuzi. Maneno yale mke wangu aliyabeba miaka miwili. Hakuyarudia hata siku moja, ila akiona kamba chini huzunguka nyumba nzima kuikwepa.

Habari zikafika Shinyanga. Siku ya tatu mama mkwe akashuka kwenye basi na mfuko wa michembe, kazi akaianza hapo hapo. Shanga na mkufu, vua! Kamba ya kuanikia nguo, chini! Na kwa heshima za kwetu mama mkwe hasemeshani na mkwewe ovyo, basi nikasikia dirishani: "Mwambie mwenzio kamba zake za shimoni nimezificha." Wiki nzima sikushuka shimoni, bwana. Na unga je?

Nikaona isiwe taabu, nikamsindikiza mwenzangu kliniki. Nesi, mama wa makamo asiye na haraka, alitusikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwani mtoto tumboni anapumua kwa shingo?"

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe hewa na chakula vyote hupita ndani ya kitovu chenyewe: mshipa mmoja unampelekea, miwili inarudisha damu iliyotumika. Urefu wake ni kama sentimeta 50 hadi 60, na mishipa hiyo imezungukwa na ute mzito isibanwe kirahisi. Mtoto anaogelea, anageuka, anajivika mwenyewe. Katika watoto 100, 20 hadi 30 huzaliwa nacho shingoni, wengi wazima kabisa. Hatari ni kitovu kubanwa. Kwa hiyo mimi baba nikapewa kazi: kila siku niulize kama mtoto anacheza; akipunguza, twende siku hiyo hiyo, tusingoje kesho. Na chupa ya uzazi ikipasuka kitovu kikatangulia nje, hapo hakuna mjadala: mama apige magoti, kifua chini, makalio juu, tusikirudishe ndani, tutafute usafiri mbio hospitali.

Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe mama, hakuna kamba uliyoiruka."

Mwenzangu akaangua kilio. Mimi nikajifanya nasoma bango la chanjo.

Uchungu ulimshika usiku, mvua inamwagika. Nikiwa nje ya wodi ya wazazi nikamsikia mkunga: "Huyu kajizungushia mara mbili." Halafu kimya. Kimya kile, we acha tu, hata shimoni sijakutana nacho. Mara mtoto akalia. Mkunga aliniambia baadaye kwamba alikipitisha tu juu ya kichwa kwa kidole, kama mtu anavyovua mkufu.

Ni wa kike. Siku tuliporudi nyumbani nikasikia sauti dirishani: "Mwambie mwenzio kamba zake ziko chini ya kitanda changu. Aende akatafute hela ya uji wa mzazi."