Maji ya Usiku

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, maji ya mfereji huja kwa zamu, na mara nyingi zamu yenyewe huwa ya usiku wa manane. Kwa miaka mingi aliyekuwa akiyangoja ni mama. Akisikia bomba likikohoa huamka, huwasha pampu, kisha hupanda ngazi hadi juu kulisikiliza tangi linavyojaa. Mwaka jana aliteleza. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini sisi ndugu watatu tulikaa kitako tukaambiana kwamba ngazi zile hatazipanda tena usiku.

Tuliyoitegemea ni Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 ili watoto wajifunze kuandika programu. Haina kioo wala kibodi, bali ina safu ya pini 40 za kufungia waya. Chini ya kifuniko cha tangi tulitia kihisi kinachotoa sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi kutoka usoni mwa maji. Muda ukipungua, maji yamepanda. Kihisi cha kwanza kilishika kutu upesi kwa unyevu na hewa ya chumvi. Cha pili ni cha aina ile inayotiwa kwenye bampa za magari, kisichoingia maji. Kikilishwa umeme wa volti 5, jawabu lake hurudi na volti 5, ilhali pini za Pi hustahimili 3.3 tu, kwa hiyo kati yake tulitia rizista mbili. Tunalitaja hili kwa kuwa kijana atakayeiunguza yake atatulaumu kwamba tulijua tukanyamaza.

Tangi likijaa, Pi huizima pampu. Mama alifurahi. Kisha mmoja wetu, aishiye mbali zaidi na mwenye wasiwasi zaidi, akaleta kamera ya kutia juu ya ngazi, tupate kumwona mama kwa simu. Mama aliigeuza mkononi, akauliza itatazama wapi, na nani atakayekuwa akitazama.

"Humu ndani mimi huvua mtandio, wanangu. Wajukuu husukwa nywele hapo ngazini. Jirani yangu akizidiwa huja kulia hapa. Stara yao mtaiweka wapi?"

Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tumejadiliana juu ya volti na nywila wiki nzima, na yeye hatukumwuliza hata mara moja. Kamera ilirudi sandukuni. Mahali pake tulitia kihisi cha sumaku kwenye mlango wa juu, kisichojua lolote ila mlango u wazi au umefungwa. Hicho alikikubali, kwa sharti kwamba ukifunguka usiku tumpigie simu yeye, si jirani.

Mwezi uliopita umeme ulikatika magharibi. Uliporudi, kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika na Pi haikuwaka. Maji yakaja saa tisa za usiku. Mama aliiwasha pampu kwa mkono, akashika tochi, akapanda. Simu zetu zilikuwa kimya, nasi tumelala.

Sasa tuna nakala ya kadi, betri ya akiba, na zamu yetu wenyewe: kila usiku wa maji, mmoja wetu hulala kwa mama. Ameuliza kama zamu hii nayo huharibika umeme ukikatika.