Klabu kubwa ni gani?

Wasee, kaka yangu anayeishi Melbourne aliniuliza: kwa futiboli ya Australia, ile ya mpira wa umbo la yai, klabu kubwa ni gani? Nikamjibu haraka, si uhesabu makombe! Akacheka. Carlton, Essendon na Collingwood, kila moja ina 16. Sasa?

Ndiyo nikaanza kufuatilia Collingwood, klabu ya 1892 kutoka mtaa wa wafanyakazi maskini. Fainali ya 1970, mbele ya watu 121,696, waliongoza kwa pointi 44 mapumzikoni. Carlton wakapindua matokeo. Baada ya kombe la 1958, Collingwood walipoteza fainali nane kabla ya kushinda tena 1990. Miaka 32!

Na bado mashabiki hawakuhama. Kufikia 2023, wanachama wanaolipa walikuwa zaidi ya 100,000.

Mimi nilihama timu yangu baada ya misimu mitatu mibaya tu. Kusema ukweli, naona aibu. Kwangu, klabu kubwa ni ile ambayo watu wake hawaendi popote hata kombe likikataa kuja. Wewe je, ungengoja miaka 32?