Mbio za Miguu juu ya Vilima vya Derbyshire

Wengi wetu katika Kenya, tukisikia habari za mbio za Uingereza, huukumbuka uwanja wa White City mjini London. Huko ndiko Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikokimbia mwezi wa Julai mwaka 1954, na Waingereza wakastaajabu. Uwanja ule haupo tena. Lakini wako Waingereza wengi wasiotafuta kikombe wala fedha, nao hupenda kukimbia mahali pengine kabisa, yaani juu ya vilima, katikati ya malisho ya kondoo na mashamba ya watu.

Nalibahatika kukaa siku chache katika mji wa Sheffield mwezi wa Juni. Mwenyeji wangu, mzee aliyefanya kazi ya chuma tangu ujana wake, ni mkimbiaji wa vilima, na ingawa umri wake umepita miaka sitini alinichukua pamoja naye. Napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, hasa wale wenye mashamba, kwa maana zilizonishangaza hazikuwa mbio bali njia zenyewe.

Sheffield ni mji wa chuma, na visu vyake vimesifiwa tangu karne nyingi. Ukipanda gari la moshi kwenda upande wa magharibi, muda si mrefu unaingia katika tundu la Totley, lililochimbwa chini ya mlima kwa urefu wa maili tatu na nusu. Unaingia gizani ukiwa umeuacha mji nyuma yako, na unapotoka unaona bonde la kijani lenye kuta za mawe, kondoo weupe, na miti kando ya mto. Katika bonde hilo stesheni hufuatana karibu karibu: Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope na Edale. Hii ndiyo raha ya mkimbiaji, kwa kuwa aweza kushuka stesheni moja, akavuka kilima kwa miguu, akapanda gari la moshi katika stesheni nyingine bila kurudi alikotoka.

Kila kijiji kina jambo lake la kutazamwa. Hathersage wanaonyesha kaburi ambalo husemwa ni la Little John, rafiki wa Robin Hood. Na chini ya majabali yaliyo karibu yamelala mawe ya kusagia, yaliyochongwa yakawa mviringo, kisha yakaachwa pale pale biashara ilipokufa. Castleton iko ngome iliyobomoka, na mapango yenye jiwe la rangi ya buluu na manjano ambalo hufanyiwa mapambo. Lakini mkimbiaji hakai sana vijijini ila kwa kunywa chai.

Siku ya kwanza tulishuka Edale. Njia hupanda malisho hadi mahali paitwapo Hollins Cross, mgongoni mwa kilima. Zamani, kabla ya Edale kupata kanisa, maiti walichukuliwa mabegani kupita hapo ili wakazikwe upande wa pili. Na baadaye wanawake wa Castleton waliifuata njia hiyo kwenda kazini katika kiwanda cha pamba cha Edale. Kutoka hapo tuligeuka kuume mpaka kilele cha Mam Tor, futi 1,696. Mlima huu huporomoka daima upande mmoja. Barabara kubwa iliyopita chini yake ilitengenezwa mara nyingi, hata mwaka 1979 ikafungwa kabisa kwa magari, na leo vipande vya lami vimelala vimepinda kama mikeka iliyotupwa.

Tulirudi tukaufuata mgongo wa kilima kupita Back Tor mpaka Lose Hill, kisha tukateremka hadi Hope. Jumla ni kama maili sita. Nakiri kwamba nalianza kwa majivuno. Nalijua kwamba Kinder Scout, ulio mrefu kuliko milima yote ya nchi ile, una futi 2,087 tu, nao haufiki hata nusu ya kimo cha Nairobi. Basi nikadhani mtu wa kwetu atavicheza vilima hivi. Sikuufikiria upepo. Upepo wa juu kule humpiga mtu ubavuni hata akaenda upande kama mlevi, na matelemko yana mawe yaliyolowa. Yule mzee alinisubiri mara tatu, na kila mara alikuwa amekwisha pumzika.

Katika kuteremka kuja Hope nalikuta lango limeachwa wazi. Mimi ni mtoto wa mkulima, nami nimefundishwa tangu utoto kwamba lango lililo wazi ni hasara. Kwa hiyo nililifunga vizuri, nikafurahi nafsini kwamba nimemtendea wema mtu nisiyemjua. Tulikuwa tumekaa juu ya ukuta chini kidogo tukila mkate, mara akaja mwenye shamba juu ya pikipiki ya magurudumu manne, na mbwa wake nyuma.

Akaniuliza, "Kijana, ni wewe uliyelifunga lango lile?"

"Ndiyo, Bwana," nikajibu, nikingojea shukrani.

Akanieleza, bila matusi lakini bila tabasamu pia, kwamba kondoo wake walikuwa katika malisho ya juu, na hori la maji liko katika malisho ya chini. Lango lile huachwa wazi kusudi, ili wapite kwenda kunywa. Lau asingalipita mwenyewe, wangalikaa na kiu siku nzima ya jua. Sheria ya wapitaji ni moja, akasema: liache lango kama ulivyolikuta. Nikaomba radhi. Akalitazama tope lililokuwa miguuni mwangu, akauliza natoka nchi gani. Nilipomwambia, uso wake ulilainika, akazima pikipiki, tukazungumza.

Nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi: kwa nini aruhusu watu wasiomjua kukatiza shamba lake kila siku? Akacheka, akasema haruhusu yeye, sheria ndiyo iruhusuyo. Njia ile ni ya watu wote, na ilikuwako kabla ya babu yake. Tangu sheria ya mwaka 1949, halmashauri za kaunti zimelazimika kuandika njia za namna hiyo katika ramani, na njia iliyokwisha andikwa haiwezi kufungwa na mwenye shamba kwa kupenda kwake. Akilima shamba la mazao ambalo njia hukatiza katikati, hana budi kuitengeneza tena katika siku kumi na nne. Tena yako masharti juu ya madume ya ng'ombe, nayo yatawapendeza wafugaji wetu: dume la aina ya maziwa, kama vile Friesian, Ayrshire, Guernsey au Jersey, likipita umri wa miezi kumi haliruhusiwi kuwa katika malisho yenye njia ya watu. Madume ya aina ya nyama yaruhusiwa, mradi yawe pamoja na majike. Kwa upande wake mpitaji hana ruhusa ila ya kupita, na mbwa akifukuza kondoo aweza kupigwa risasi.

"Je, waipenda njia hiyo?" nikamwuliza.

Hakujibu upesi. Alisema mwaka 2001, ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo, njia za miguu zilifungwa karibu kila mahali, na katika nchi nzima wanyama zaidi ya milioni sita waliuawa. Miezi ile hakupita mtu. Hapo kwanza aliona raha. Kisha siku moja akamkuta kondoo jike amekufa, amelala chali. Kondoo mwenye sufu nzito akianguka chali mara nyingi hawezi kujiinua, na katika saa chache hufa. Miaka mingine wapitaji humgonga mlango wakamwambia, au humgeuza wenyewe. "Siwapendi sana," akasema, "lakini wana macho." Halafu akanionyesha jinsi ya kumgeuza kondoo, na kumshikilia kidogo mpaka miguu yake ipate nguvu, asije akaanguka tena.

Siku ya pili tuliupanda Kinder Scout. Juu yake hapana kilele chenye ncha. Ni uwanda mpana wa udongo mweusi wa mimea iliyooza, uliojaa maji kama sifongo, na ukungu ukishuka hata wenyeji hupotea. Ndiyo sababu katika mashindano ya vilima mkimbiaji hutakiwa mara nyingi kuchukua ramani, dira, filimbi na koti la mvua. Mahali pale palikuwa pa wenye mali, waliowinda ndege mfano wa kwale, na walinzi wao waliwafukuza watu. Tarehe 24 Aprili, 1932, watu kama mia nne, wengi wao vijana wafanya kazi wa Manchester, walipanda kwa makusudi kutoka Hayfield ili kudai haki ya kupita. Walipigana kidogo na walinzi, na vijana watano wakafungwa, kwa muda wa miezi miwili hadi sita. Mwaka 1951 nchi ile ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya kwanza ya Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea katika nyika za namna hiyo hata nje ya njia. Mwaka 2002 Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa na ardhi pale, alikuja mbele ya watu akaomba radhi kwa yaliyotendeka.

Mwenyeji wangu alinieleza hayo tukiwa tumejibanza nyuma ya jiwe, mvua ikitupiga. Baba yake, alisema, hakuwamo miongoni mwa wale mia nne, kwa kuwa Jumapili ile alikuwa zamu. Naye alijuta mpaka kufa kwake.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda Hope peke yangu, nikapanda tena kuelekea Lose Hill, huku nikimtazama kila kondoo niliyempita. Wote walikuwa wamesimama. Nilipofika kwenye lango nalilikuta wazi, nikapita, nikaliacha wazi.